SAFU YA MAMA NA MTOTO: Chumvi ya mama mjamzito na afya ya mtoto wa kesho

Mwezi huu safu yetu inazungumza juu ya kitu kidogo sana ambacho kila nyumba inacho, hata ile isiyo na mafuta wala sukari. Kitu hicho ni chumvi, au munyu kama tunavyosema wengi wetu wa Kivu.

Tumechagua habari hii kwa sababu maswali yamekuwa mengi. Mama mjamzito akivimba miguu, bibi anamwambia: "Acha chumvi kabisa, mwanangu, utapata presha." Akitapika na kukosa hamu ya kula, jirani anamwambia: "Lamba chumvi kidogo, utapata nguvu." Akienda kupima mimba, muuguzi anamwuliza kama nyumbani wanatumia chumvi yenye madini joto. Mtu mmoja, mashauri matatu. Na anayebeba matokeo siyo mama peke yake, ni yule aliye tumboni, ambaye hajaulizwa kitu. Tumesoma, tumeuliza watu wa afya, tumebishana sisi kwa sisi, na leo tunawaletea tulichopata.

CHUMVI ILIYOTOKA NYARUTARAMA

Mnajua kwamba dada zetu na kaka zetu wengi wanafanya kazi Kigali. Wengine ni zamu, wengine wanafua na kupiga pasi, wengine wanapika. Nyarutarama ni moja ya sehemu wanazokwenda sana, kwa sababu kule kwenye kilima juu ya kiwanja cha gofu kuna majumba makubwa yenye mageti, na kila jumba linahitaji mikono. Zamani baadhi yao walipanga vyumba hapo hapo bondeni, Kangondo, mtaa ambao watu waliuita Bannyahe. Mtaa huo ulibomolewa mwaka 2022 na wenyeji wakahamishiwa Busanza, Kicukiro. Siku hizi wanaofanya kazi Nyarutarama wengi wanatoka mbali, wanapanda basi asubuhi na kurudi jioni wamechoka.

Sasa dada mmoja anayepika kwenye nyumba mojawapo kule alimtumia mdogo wake, mjamzito wa miezi minne, chupa nzuri ya chumvi ya rangi ya waridi. Bosi wake alimpa chupa iliyobaki nusu, akamwambia hii ndiyo chumvi ya watu wanaojali afya. Mdogo mtu akaacha kutumia ile ya pakiti tunayonunua hapa dukani, akawa anapikia ile ya waridi peke yake, kwa kipimo kidogo kidogo ili isiishe mpaka ajifungue.

Habari ilipofika kwenye mkutano wetu wa wamama, tuligawanyika. Wengine walisema kitu cha tajiri hakiwezi kuwa kibaya. Wengine walisema chumvi ni chumvi, rangi haibadilishi kitu. Hakuna upande uliokuwa na jibu kamili. Ili tulipate inabidi kwanza tuelewe chumvi inafanya nini kwa mtoto aliye tumboni. Kuna mambo matatu: kuzidi, kupungua, na kukosa kilichomo ndani.

JAMBO LA KWANZA: CHUMVI INAPOZIDI

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Hapo imehesabiwa yote: ya kwenye maharagi, ya kwenye sombe, ya kwenye mkate, na ile unayonyunyiza mezani. Wale wazee wa kambi mtakumbuka kwamba hata mgao wa chakula wa zamani ulifuata kipimo hicho hicho: gramu 5 kwa mtu kwa siku, gramu 150 kwa mwezi. Haikuwa bahati mbaya, kilikuwa kipimo.

Chumvi ikizidi kwa miaka, presha inapanda. Hilo linajulikana. Uchunguzi uliofanywa Rwanda mwaka 2012 na 2013 ulikuta kwamba karibu watu 15 kwa kila 100 walikuwa na presha ya juu, na wengi hawakujua. Presha haina kelele. Inakaa kimya mpaka siku mtu anapoanguka.

Lakini swali letu ni la mtoto. Je, chumvi ya mama inaweza kumwekea mtoto presha ya baadaye? Wataalamu walianza kuangalia figo. Ndani ya figo kuna vichujio vidogo sana, mara nyingi karibu milioni moja katika kila figo, ndivyo vinavyosafisha damu na kutoa chumvi iliyozidi. Vichujio hivi vinatengenezwa mtoto akiwa bado tumboni, na kazi inakwisha kama wiki ya 36 ya mimba. Baada ya hapo havitengenezwi vingine maisha yote. Ukizaliwa navyo vichache, utakwenda navyo hivyo hivyo mpaka uzeeni, na vile vichache vitafanya kazi ya wengi. Ndiyo sababu wataalamu wanaona kwamba mtu mwenye vichujio vichache yuko karibu zaidi na presha ya juu.

Mwaka 2011 watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, walichapisha kazi waliyofanya kwa panya. Panya wenye mimba waliwagawa: wengine walilishwa chumvi nyingi, wengine kidogo sana, wengine kwa kiasi. Watoto dume wa wale waliolishwa chumvi nyingi walikuwa na vichujio vichache, na baadaye presha yao ilipanda. Wengi wangetarajia hivyo. Lakini kumbe hata watoto wa wale walionyimwa chumvi walipatwa na jambo hilo hilo. Kuzidi kulidhuru, na kunyimwa kulidhuru.

Tuseme ukweli: panya siye mtu. Kwa binadamu, huwezi kumchukua mama mjamzito na kumlisha chumvi nyingi kwa makusudi ili uone mtoto atakuwaje. Kwa hiyo ushahidi kwa watu haujakamilika, na mtu asije akawaambia kwamba bakuli moja la supu ya chumvi limeharibu figo za mtoto. Ila kuna jaribio moja la watoto waliokwisha kuzaliwa ambalo linatufundisha. Uholanzi, watoto wachanga 476 waligawanywa makundi mawili kwa miezi 6 ya kwanza. Kundi moja lilipewa maziwa na vyakula vyenye chumvi ya kawaida ya wakati ule, lingine chumvi kidogo. Matokeo yalitolewa mwaka 1983: wale wa chumvi kidogo walikuwa na presha ya chini kidogo. Miaka 15 baadaye watafiti waliwatafuta tena baadhi yao, wakiwa sasa vijana. Tofauti ilikuwa bado ipo. Miezi 6 tu ya utoto, na mwili ulikuwa bado unakumbuka.

Wazee wetu walisema samaki mkunje angali mbichi. Walikuwa wanazungumza juu ya tabia, lakini inaonekana hata damu na figo zina ubichi wake.

JAMBO LA PILI: KUACHA CHUMVI KABISA

Hapa tutawagusa wabibi zetu, na tunawaomba radhi mapema kwa sababu tunawaheshimu. Shauri la "acha chumvi kabisa" halikuanzia kijijini kwetu. Hata madaktari wa Ulaya walilitoa kwa miaka mingi, wakiamini kwamba kunyima chumvi kunazuia kifafa cha mimba, ule ugonjwa wa presha unaokuja na mimba na kuua mama na mtoto. Mwaka 1958 daktari mmoja wa London, Margaret Robinson, alichapisha habari za wajawazito zaidi ya 2,000. Baadhi waliambiwa wapunguze chumvi, wengine waliambiwa waongeze. Waliopunguza hawakupata faida iliyotarajiwa, tena matatizo yalikuwa mengi zaidi kwao. Baadaye wataalamu walikusanya majaribio mengine mawili yenye wanawake 603 na kuyapitia pamoja, wakakuta kwamba kupunguza chumvi hakukuzuia kifafa cha mimba. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likaandika wazi: kumnyima mjamzito chumvi kwa lengo la kuzuia kifafa cha mimba haishauriwi.

Kwa nini? Kwa sababu mama mjamzito anaongeza damu. Mwili wake unatengeneza damu na maji mengi zaidi kuliko kawaida ili kumlisha mtoto, na maji hayo hayakai mwilini bila chumvi. Miguu kuvimba jioni, hasa baada ya kusimama kutwa jikoni au kwenye foleni, kwa wamama wengi ni kawaida ya mimba. Inua miguu, pumzika, lala kwa ubavu.

Lakini sikilizeni vizuri hapa, msije mkachanganya. Uso kuvimba, mikono kuvimba mpaka pete haitoki, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au nyota, maumivu makali juu ya tumbo chini ya mbavu: hizo siyo kawaida. Hizo ni dalili za hatari. Usisubiri asubuhi, usijaribu kupunguza chumvi kwanza uone. Nenda kituo cha afya saa ile ile, hata usiku, na kama huwezi kutembea mwite mshauri wa afya wa mtaa wako akusaidie.

Kuna lingine. Wale wanaotapika sana mwanzoni mwa mimba wanapoteza maji na chumvi. Mwaka 1995 watafiti wa Seattle, Marekani, waliangalia vijana ambao mama zao walitapika sana wakiwa na mimba yao. Vijana hao walipenda chumvi kuliko wenzao, tena walikuwa wanaitumia zaidi. Baadaye Israeli walionekana watoto waliozaliwa na uzito mdogo na wakakosa chumvi mwilini siku za mwanzo: walipokua, walikuwa wanakula chumvi zaidi. Ni kama mwili uliokosa mapema unajifunza kuweka akiba, hata pale ambapo hakuna tena njaa ya chumvi. Na mtoto anayependa chumvi kupita kiasi ndiye mtu mzima wa presha ya kesho.

Kwa hiyo mama anayetapika asikae kimya akidhani ni ya kuvumilia tu. Kama hata maji hayakai tumboni, kama mkojo umekuwa mchache na wa rangi nzito, au unapata kizunguzungu ukisimama, hiyo ni kazi ya kituo cha afya.

JAMBO LA TATU: CHUMVI ISIYO NA KITU NDANI

Sasa tumefika kwenye jambo ambalo kwetu sisi watu wa Maziwa Makuu ndilo kubwa kuliko yote, na hapo ndipo chupa ile ya waridi itapata jibu lake.

Wengi wetu tunatoka Masisi, Rutshuru, Kalehe, na wengine wanajua kisiwa cha Idjwi katikati ya Ziwa Kivu. Wazee watakumbuka watu wenye rovu, ule uvimbe mkubwa wa shingo, au goita. Zamani wengine walisema ni uchawi, wengine walisema ni maji ya mto fulani. Miaka ya 1960 madaktari, akiwemo François Delange, walifanya utafiti Idjwi wakiwa na kituo cha Lwiro, karibu na Bukavu. Walikuta kwamba kaskazini mwa kisiwa karibu mtu mmoja kati ya wawili alikuwa na rovu, na kusini-magharibi walikuwa wachache sana. Udongo wa milimani kwetu umeoshwa na mvua kwa miaka mingi, madini joto, wengine wanaita iodini, yamekwenda zake na maji. Kinachoota juu ya udongo huo hakina. Na muhogo usiolowekwa vizuri una sumu inayouzuia mwili kutumia hata yale madini machache yaliyopo.

Lakini rovu la mama lilikuwa dogo mbele ya lililompata mtoto. Kule kaskazini walizaliwa watoto waliodumaa, wasiokua, wenye akili nzito. Familia zilidhani wamerogwa. Ukweli ni kwamba tezi ya shingo inahitaji madini joto ili itengeneze homoni, na homoni hiyo ndiyo inayojenga ubongo. Miezi 3 ya kwanza mtoto hana yake, anategemea ya mama kabisa. Mama akikosa, mtoto anajengwa bila saruji.

Uthibitisho ulipatikana mbali, Papua New Guinea. Mwaka 1966 familia za bonde moja ziligawanywa: nusu walidungwa sindano ya mafuta yenye madini joto, nusu sindano isiyo nayo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1971. Watoto wa mama waliopata madini kabla ya kushika mimba walikingwa wasizaliwe na ugonjwa ule. Neno la kushika ni hilo: KABLA ya kushika mimba. Ukingoja mpaka tumbo lionekane, kazi ya mwanzo ya ubongo imekwisha kuanza.

Siyo wale walioathirika sana tu. Uingereza, katika eneo la Bristol, watafiti walipima mkojo wa wajawazito na kufuata watoto wao. Mwaka 2013 walitoa matokeo ya mama na watoto 1,040: watoto wa mama waliokuwa na upungufu, hata wa wastani, walikuwa nyuma katika kusoma na kuelewa maneno walipofika miaka 8 na 9. Na jirani zetu wa Tanzania waligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya nyingi kuanzia miaka ya 1980. Mwaka 2009 wachumi walichapisha hesabu kwamba watoto ambao mama zao walikingwa wakati wa mimba walisoma shule muda mrefu zaidi, hasa wasichana. Wengine waliorudia hesabu hizo baadaye hawakuona ongezeko la wazi kiasi kile. Lakini juu ya ubongo wa mtoto na madini joto, wataalamu hawabishani.

Njia rahisi iliyopatikana duniani ni kuweka madini hayo kwenye chumvi, kwa sababu kila mtu anakula chumvi kila siku, tajiri na maskini. Mwaka 1993 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walishauri chumvi yote ya kula iwekwe. Hapa Rwanda karibu kaya zote sasa zinatumia chumvi hiyo. Ndiyo maana watoto wetu hawajui rovu ni nini.

Sasa ile chupa. Chumvi ya waridi inachimbwa milimani Pakistan. Inasifiwa kwa rangi na kwa bei, lakini mara nyingi haiwekwi madini joto. Chumvi nyingi za mapambo za namna hiyo ni hivyo hivyo. Basi yule mdogo wetu mjamzito aliacha pakiti ya bei nafuu ambayo ingejenga ubongo wa mtoto, akashika chupa ya bei kubwa ambayo pengine haina kitu. Dada yake alituma kwa upendo, na bosi alitoa kwa wema. Lakini wema bila kusoma karatasi ya nyuma haumlishi mtoto. Tunafurahi kusema kwamba amerudia pakiti yake. Ile chupa ya waridi iko kwenye kabati, ameiweka kama pambo, na siyo vibaya.

Na ninyi mnaopika kule Nyarutarama, mkikuta chumvi ya kupunguza presha, ile iliyochanganywa na potasiamu, msiipeleke kwa wajawazito. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya chumvi hiyo, na wajawazito na watoto hawakuwekwa ndani ya shauri hilo. Ni ya watu wazima wengine, na mwenye ugonjwa wa figo pia asiiguse bila daktari.

NYUMBANI TUFANYE NINI?

Tangu fedha zilipoanza kutolewa badala ya chakula, Gihembe kwanza mwaka 2014 na kambi nyingine zikafuata, chumvi haiji tena na gunia. Tunaichagua wenyewe dukani. Fedha zikipungua, mtu anavutwa na ile ya kupimwa kwa kopo, isiyo na jina. Tunawaomba, kwenye chumvi msibane. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote kapuni.

1. Nunua ya pakiti iliyofungwa, iliyoandikwa kwamba ina madini joto au iodini. Chumvi za kienyeji, kama ya majivu ya majani au ile ya mawe inayotoka kwenye maziwa ya chumvi, zina historia nzuri kwetu, lakini kama hazikuwekwa madini joto zisiwe ndizo za jikoni za kila siku.

2. Ihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko, pakavu, mbali na jua na mbali na jiko. Madini joto yanapotea kwa unyevu na joto. Usiioshe chumvi hata kama inaonekana chafu.

3. Itie chakula kinapokaribia kuiva, siyo mwanzo wa kuchemsha maharagi ya masaa matatu.

4. Pima kwa mwezi. Familia ya watu 6, kila mmoja gramu 5 kwa siku, ni gramu 30 kwa siku, gramu 900 kwa mwezi. Kwa hiyo kilo moja ikae mwezi mzima, na kama kuna watoto wadogo ikae zaidi. Kama kilo yako inakwisha kwa wiki mbili, mnakula mara mbili ya kiasi. Hiki kipimo hakihitaji mizani, kinahitaji kuandika tarehe kwenye pakiti siku uliyoifungua.

5. Hesabu na chumvi iliyojificha. Vile vitofali vya supu tunavyoviita Maggi, karibu nusu ya uzito wake au zaidi ni chumvi. Ukitia vitofali, punguza chumvi ya kijiko. Makayabu na samaki wengine wa chumvi waloweke usiku na umwage maji. Brosheti na chipsi za mjini tayari zina chumvi, usiongeze.

6. Muhogo uloweke na kuuanika vizuri kama mama zetu walivyotufundisha.

MASWALI YENU

"Kama mjamzito anahitaji madini joto zaidi, si aongeze chumvi?" Hapana. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250. Lakini anayeongeza chumvi anajiongezea na presha. Afadhali aongeze yai na maziwa siku anapovipata, na akihudhuria kliniki mapema, ndani ya miezi 3 ya kwanza, aulize anachohitaji. Akipewa unga wa lishe wa mama na mtoto, aule yeye, asiugawe kwa nyumba nzima.

"Nilikuwa na presha hata kabla ya mimba. Nile chumvi ya kawaida?" Wewe fuata daktari wako. Pengine atakupunguzia, na atabadilisha dawa zako kwa sababu dawa nyingine za presha haziruhusiwi kwenye mimba. Usiziache mwenyewe, usiendelee nazo bila kuuliza. Mwambie siku ile ile unapojua una mimba.

"Kwetu chakula hakina maziwa wala mboga nyingi. Kuna kingine cha kuzuia kifafa cha mimba?" Kipo. Mahali ambapo chakula kina kalisi kidogo, Shirika la Afya Duniani linashauri wajawazito wapewe vidonge vya kalisi, gramu 1.5 mpaka 2 kwa siku. Waulizeni kliniki kama vipo. Na sambaza wadogo wanaoliwa na mifupa yao ni kalisi ya bure iliyo ndani ya sahani.

"Mtoto akizaliwa nimtie chumvi kwenye uji ili uwe na ladha?" Miezi 6 ya kwanza ni ziwa la mama peke yake, bila maji, bila uji. Mama akila chumvi yenye madini joto, mtoto anayapata kwenye maziwa. Akianza kula, chakula chake kipakuliwe kabla hujatia chumvi ya wakubwa. Ulimi wake bado haujajifunza, usiufundishe mapema.

Wababa, msifikiri safu hii ni ya wanawake. Nani anasema "chakula hiki hakina chumvi" na kusukuma sahani? Mama wengi wanaongeza chumvi kwenye sufuria moja la familia kwa ajili ya mume mmoja, na mjamzito na watoto wanakula kutoka hilo hilo. Baba akikubali sufuria yenye kiasi, amewalinda wote kwa siku moja. Kama bado anataka, anyunyize kidogo kwenye sahani yake mwenyewe.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutazungumza juu ya chanjo za mtoto wa mwaka wa kwanza. Andikeni maswali yenu, au mpeni mshauri wa afya wa mtaa wenu atuletee. Na leo jioni, kabla hujapika, geuza pakiti yako usome imeandikwa nini nyuma. Kama hujui kusoma, mwite mtoto anayesoma shule akusomee. Pengine naye anakushukuru bila kujua, maana akili anayosomea ilianza kujengwa kwenye sufuria lako.